Nundu za Araari

Nilikwenda Moroko kwa ajili ya meza ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona. Ilikuwa ya Cicero, yule msemaji mashuhuri wa Roma, naye aliinunua kwa sestersi 500,000. Habari hii ameiandika Plinius, Mrumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya maumbile. Katika zama hizo za Plinius, askari wa kawaida wa Roma alilipwa sestersi 900 kwa mwaka. Angetumikia jeshi zaidi ya miaka mia tano, asile wala asivae, ndipo afikie bei ya meza moja. Na ya Cicero haikuwa ghali kuliko zote. Ya Asinius Gallus ilifika milioni moja. Mbili za Mfalme Juba wa Mauretania ya kale zilipigwa mnada, na mojawapo ikauzwa milioni moja na laki mbili.

Kilicholipiwa si dhahabu wala pembe. Kilicholipiwa ni michoro ya mti: nundu inayoota chini kabisa ya shina, nyingine ikiwa imefukiwa udongoni yote, na ambayo ikipasuliwa hutoa marembo yasiyopatikana penginepo. Plinius anayapanga kwa madaraja kama mtu anayejua soko. Kuna meza zenye milia mirefu, zilizoitwa za chui milia. Kuna zenye mizunguko midogo, zilizoitwa za chui. Kuna zilizojaa mawimbi, na zilizopendwa zaidi ni zile ambazo mawimbi yake yalikaribia macho ya mkia wa tausi. Rangi iliyotafutwa ni ile ya divai iliyochanganywa na asali. Wanawake wa Roma, waume zao walipowalaumu kwa kupenda lulu, waliwajibu kwa kuwatajia meza.

Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa mti huo ni ule ambao Waarabu wa Maghrib huuita araari, na Waamazigh wa kusini mwa Moroko huuita azuka. Kwa kitaalamu ni Tetraclinis articulata, mti wa ukoo wa miberoshi, wa pekee katika jenasi yake. Unaota Moroko, Algeria na Tunisia, na kidogo sana Malta na karibu na Cartagena huko Hispania. Haujatoweka. Nundu zake zingali zinachimbwa, na katika mji wa Essaouira, ufukweni mwa Atlantiki, kuna mafundi wanaozikereza mpaka leo, si kwa meza za maseneta bali kwa vyano, sahani na mabakuli. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika habari za maseremala na wakereza wa pwani yetu, wa Lamu, Unguja na Tanga, na nilitaka kuona kwa macho yangu mkono wa fundi ukikutana na mti ule.

Basi la kutoka Marrakech hukata tambarare kavu kwa muda wa saa tatu hivi, kisha miti ya argani huanza kujitokeza moja moja, na upepo wa bahari hukupokea kabla hujaiona bahari yenyewe. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1506, wakapaita Mogador. Mji uliopo sasa ulipangwa katika miaka ya 1760 kwa amri ya Sultani Mohammed ben Abdallah, na ramani yake ilichorwa na Mfaransa Théodore Cornut, ndiyo maana vichochoro vyake vimenyooka kuliko vya miji mingine ya Moroko. Tangu mwaka 2001 mji mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Haya yote ni kweli na yana watu wake wa kuyasimulia. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika chini ya boma la Skala.

Boma hilo linatazama bahari, na mizinga ya shaba ingali imepangwa juu yake. Chini yake, upande wa mjini, kuna safu ya vyumba vya mawe vyenye dari za kuba ambavyo zamani vilikuwa maghala ya silaha. Leo ni karakana. Harufu ilinifikia kwanza, harufu kali ya utomvu yenye utamu ndani yake, iliyokaa mahali fulani kati ya mwerezi na pilipili manga. Kisha mlio wa msumeno. Maduka mengi ya mtaa ule yanauza vijisanduku: vya vito, vya kalamu, vyenye droo za siri, vilivyotiwa njumu za mti wa mlimao na ganda la chaza. Vizuri, na vingi mno. Nilipouliza ni nani anayekereza vyano, nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita maalem, cheo cha fundi mkuu katika nchi ile. Nami nikamwita hivyo.

Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, na Kiarabu cha Moroko kinakimbia mbio zake chenyewe. Baada ya salamu, ambayo tuliitikiana vizuri, mazungumzo yalibebwa na mpwa wake, kijana aliyejifunza Kiingereza kwa kufanya kazi katika mahoteli. Maalem aliniuliza kwetu tunakereza mti gani. Nikamtajia mninga, mvule, mpingo. Mpingo aliujua, kwa kuwa mbao nyeusi za namna yake hutumika katika njumu. Akauliza kama mpingo una nundu. Nikamwambia mpingo mtu huutakia weusi wake na uzito wake. Michoro tunaitafuta kwenye mninga, na Kenya kwenye mtamaiyu, yaani mzeituni wa porini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akavuta gunia lililokuwa pembeni.

Ndani yake mlikuwa na maranda makavu, na ndani ya maranda mlikuwa na nundu. Ilikuwa ya kubebwa na mtu mmoja kwa shida, gome limekwishakwanguliwa, uso wake umejaa vipele vidogo vidogo, na mahali ilipokatwa kwenye shina pamepakwa nta. Nta huzuia maji yasitoke upesi upande mmoja kuliko mwingine, maana mti unaokauka kwa haraka hupasuka. Maranda nayo hunyonya unyevu polepole. Nikakumbuka kwamba Plinius anaeleza karibu mambo haya haya. Anasema wenyeji waliifukia nundu mbichi ardhini ikiwa imepakwa nta, na mafundi waliiweka ndani ya lundo la ngano kwa siku saba, kisha wakaipumzisha siku saba nyingine, na ajabu ni uzito uliopungua. Nilipomweleza maalem, mpwa wake akitafsiri, hakushangaa hata kidogo. Alisema ngano ingefaa, ila maranda hayana bei.

Kazi ya kukereza haianzi kwenye keezo. Inaanza pale fundi anapoamua msumeno upite wapi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Maalem aliigeuza nundu, akaimwagia maji kidogo, akaitazama, akaigeuza tena. Akachora mstari kwa chaki, akaufuta kwa kidole gumba. Nundu hii imejaa machipukizi yaliyolala, mamia kwa mamia, kila moja likiwa limeanza karibu na kiini na kusukumwa nje mwaka hadi mwaka kadiri mti unavyonenepa. Nyuzi za mti, badala ya kunyooka, hulizunguka kila chipukizi. Sasa ukipasua nundu ili msumeno ukate machipukizi hayo kwa kukingama, unapata madoa ya duara, macho juu ya macho. Ukiipasua kwa kufuata njia yake kutoka kiini kwenda nje, macho yanageuka kuwa michirizi. Mti ni ule ule, nundu ni ile ile.

Nilipolielewa hilo, nilimwelewa Plinius upya. Meza ya chui milia na meza ya chui huenda hazikuhitaji miti miwili tofauti. Zilihitaji mafundi wawili, au fundi mmoja aliyegeuza msumeno. Waandishi wa kale wametuachia majina ya wenye meza. Majina ya waliokata, hakuna hata moja. Nami nilipokuwa nimesimama pale nikimtazama maalem anavyofuta mistari yake, niliona kwamba sehemu kubwa ya zile sestersi ililipia uamuzi wa namna hii, ingawa aliyeutoa yaelekea hakuziona.

Ubao uliotoka ulikuwa na unene wa vidole vitatu hivi. Aliukata mviringo kwa msumeno wa mkanda, akaufunga kwa skrubu kwenye bamba la chuma la keezo, uso wa juu ukielekea kwenye mashine, kwa kuwa mgongo wa chano hukerezwa kwanza. Keezo lake ni la mota ya umeme. Huko Marrakech nilikuwa nimewaona wakereza wa soko la mbao wanaotumia keezo la upinde: mkono mmoja unasukuma upinde na kuuvuta, na patasi inaongozwa kwa mkono mwingine na vidole vya mguu. Ni ustadi wa kustaajabisha, lakini ni wa vitu vyembamba, vijiti vya mishikaki na nguzo za madirisha. Chano kipana kinataka nguvu isiyokatika.

Mti wa nyuzi zilizonyooka una adabu yake, na mkereza yeyote anaijua: unakata kutoka upande ambao nyuzi zinaegemeana, zisije zikang'oka. Katika nundu upande huo haupo. Nyuzi zinatazama pande zote kwa wakati mmoja, na kila mzunguko mmoja wa keezo patasi inakutana nazo zikiwa zimelala, zimesimama, zimepinda. Dawa ni makali. Maalem alinoa patasi yake yenye mdomo wa mkunjo, akakata kidogo, akanoa tena, na aliendelea hivyo mchana kutwa. Nadhani alisimama kwenye jiwe la kunolea muda mwingi kuliko kwenye keezo. Aliilaza patasi ili mgongo wa makali uuguse mti kwanza, kisha akainua mpini taratibu mpaka ikaanza kula. Maranda yalitoka membamba, ya rangi ya kutu, yakamwangukia mkononi. Yalipoanza kutoka unga badala ya maranda, alisimamisha mota bila kutazama. Unga ni dalili kwamba makali yamekwisha na mti unasagwa badala ya kukatwa.

Kuna hatari nyingine. Ndani ya nundu hufichika mifuko ya gome, nyufa, hata mawe madogo ambayo mti uliyameza ulipokuwa ukikua. Patasi ikiangukia tundu kwa kasi ile, kipande kinaweza kuruka na kumpiga fundi usoni. Maalem alisimama pembeni ya mstari wa mzunguko, kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi lenye utomvu linalowasha koo, na alisikiliza. Kila tundu lina mlio wake, tak, tak, tak, na mlio huo hutangulia kuonekana kwa tundu. Unene pia aliupima kwa sikio kabla ya kuupima kwa bikari: chano kikizidi kuwa chembamba, sauti ya patasi hubadilika.

Aliukereza mgongo, akakigeuza chano, akaanza upande wa uso. Hapo ndipo macho yalipofunguka. Nimeona mninga mzuri, nimeona mtamaiyu wenye mishipa myeusi iliyopinda juu ya manjano, na sitaki kuvivunjia heshima vya kwetu. Lakini sikuwahi kuona mti wenye kina namna ile. Ukikisogeza chano kwenye mwanga, kila jicho lilibadilika. Yaliyokuwa meusi yaling'aa, yaliyong'aa yakazama. Sababu inaeleweka. Nyuzi zinazolala huakisi mwanga, na nyuzi zilizokatwa vichwa huumeza, na katika nundu zote mbili zinakaa mahali pamoja. Kuijua sababu hakukunipunguzia furaha.

Naomba niseme hapa ninaloliamini kuhusu umbo. Mti wenye michoro mingi kiasi hiki unataka umbo lililotulia. Bakuli lenye kina hukata michoro kwa mshazari na kuivuruga. Jicho linaonekana nusu ukutani, nusu sakafuni. Chano, chenye uso mpana na ukingo unaopanda kwa upole, kinauacha mti useme wote kwa pamoja. Na kisichongwe kitu juu yake. Wakereza wa Lamu wamefanya maajabu kwa pete, vifundo na vishingo kwenye miguu ya vitanda na viti, na wamefanya sawasawa, kwa kuwa mbao zao zina uso mtulivu unaopokea pambo. Njumu vilevile ina mahali pake, kwenye ubao wa shina la araari ulionyooka na wenye wekundu wa kawaida. Kwenye nundu njumu ni kelele. Katika maduka ya mtaa ule niliona vyano vya nundu nzuri ajabu vilivyozungushiwa nyota za ganda la chaza, na niliumia. Maalem, nilipomuuliza kwa nini yeye hatii njumu, alijibu kwa maneno ambayo mpwa wake aliyapunguza kuwa moja: imeshatiwa.

Msasa ulikwenda polepole kuliko nilivyotarajia. Mti wenye utomvu ukisuguliwa kwa kasi hupata joto, na joto huzaa nyufa nyembamba za unywele ambazo huonekana baada ya chano kuuzwa. Kwa hiyo keezo lilizunguka taratibu, na mwisho lilisimama kabisa, akasugua kwa mkono. Matundu aliyoamua kuyaziba aliyajaza kwa gundi na unga wa mti wenyewe. Mengine aliyaacha. Kisha ikaja lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti, inayopakwa kwa kifurushi cha pamba ndani ya kitambaa, chenye tone la mafuta, kwa miduara midogo isiyosimama. Akisimama, kitambaa kinaganda na kuacha alama. Araari wenyewe hutoa utomvu uitwao sandaraki, ambao kwa karne nyingi ulisafirishwa Ulaya kutengenezea vanishi za michoro na ala za muziki. Mti huu umezipaka mali za watu wengine mng'aro hata pale ambapo mbao zake hazikufika.

Siku iliyofuata mpwa wa maalem alinipeleka Jbel Amsittene, kusini mwa mji, katika nchi ya Wahaha wanaozungumza Kitashelhit. Mlima ule una urefu wa mita 905. Chini kuna argani na mbuzi. Kadiri unavyopanda, araari huongezeka, na ni mti mdogo kuliko nilivyoutazamia. Mashina mengi ningeweza kuyashika kwa mikono miwili. Majani yake ni vijiti vya kijani vilivyogawanyika kwa vifundo, mbegu zake zimo katika vikoni vidogo vyenye magamba manne. Hakuna chochote katika sura yake kinachokuambia kwamba chini ya miguu yako kuna kitu kilichowatia wazimu matajiri wa Roma.

Tulichutama kwenye kisiki. Kilikuwa kimekatwa zamani, kikaungua, kikaliwa na mbuzi, na bado kulikuwa na machipukizi mabichi yakitoka ubavuni mwake. Miti ya jamii ya misonobari na miberoshi kwa kawaida haifanyi hivi, ukiukata umekwisha. Araari ni miongoni mwa michache inayorudi. Nundu ndiyo inayourudisha. Yale machipukizi yaliyolala ndani yake, yale yale ambayo jana yake niliyaona yakiwa macho ya chano, ndiyo akiba ya mti kwa siku ya moto na siku ya shoka. Mti ukijeruhiwa, baadhi huamka na kuwa matawi. Yasiyoamka hubaki na kuongezeka, na kila jeraha huikuza nundu zaidi. Kwa hiyo nundu yenye michoro mingi ni ya mti uliokwisha kunusurika mara nyingi. Na mchimbaji anapoizunguka kwa sururu, akakata mizizi na kuing'oa, anachukua kile ambacho mti ungekitumia kunusurika tena.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu yote, na sikuipata kwenye vitabu. Mtu akivuna tawi au shina la araari, mti una jibu. Akivuna nundu, hauna. Uzuri tunaoutaka na uwezo wa mti kurudi ni kitu kimoja, katika mahali pamoja, na haiwezekani kuchukua cha kwanza na kuacha cha pili. Plinius mwenyewe aliandika kwamba mlima mmoja wa Mauretania, uitwao Ancorarius, uliokuwa maarufu kwa mbao bora za aina hii, ulikuwa umekwishamalizika. Alikuwa akiandika zaidi ya miaka 1,900 iliyopita. Watu wa zama zake hawakuwa na msumeno wa umeme wala watalii wa meli.

Misitu ya Moroko ni mali ya dola. Sheria yake ya msingi ni amri ya kifalme ya tarehe 10 Oktoba 1917, ya wakati wa Wafaransa, inayowaachia wakazi wa jirani haki fulani za matumizi, kama malisho na kuni, huku ukataji ukihitaji kibali. Mpwa wa maalem aliniambia bila kuficha kwamba si nundu zote zinazofika mjini zina karatasi. Mchungaji anayeishi mlimani hana fungu katika bei ya chano. Anacholipwa, kama analipwa, ni malipo ya kubeba. Nikamweleza habari za Kilwa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kuuza mazao yake, na mwaka 2009 vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata cheti cha FSC, yaani cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao yenye mpingo, mti wa zumari na filimbi za dunia nzima. Fedha ya gogo ikaanza kuingia kwenye hazina ya kijiji. Sikumwambia kwamba matatizo yetu yamekwisha, kwa sababu hayajakwisha. Na huko Kenya wachongaji waliukata mpingo mpaka ukawa adimu, wengi wakahamia kwenye mwarobaini. Lakini aliuliza maswali mengi: nani anahesabu miti, nani anashika fedha, mgeni akija na lori usiku inakuwaje. Tulishuka mlima tukiyajadili hayo.

Jioni nilimweleza maalem nilichokiona na nilichokiwaza. Nilihofia angedhani nimekuja kumhukumu kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba nundu anazozipenda yeye ni za visiki vilivyokufa, ambavyo mti wake ulikatwa katika siku za babu yake na haukurudi tena. Kwamba rangi yake ni nzito zaidi, ingawa matundu ni mengi na nusu ya nundu hupotea. Kwamba zamani kisiki kama hicho kilipatikana kwa kutembea asubuhi moja, na sasa wachimbaji wanakwenda mbali. Akasema pia jambo lililonikaa. Kijisanduku kinaweza kuvikwa ganda jembamba la nundu juu ya mbao ya kawaida, na nundu moja ikavika visanduku vingi. Chano hakivikwi. Chano hukerezwa kwenye mti mzima, na sehemu kubwa ya ubao inaanguka chini ikiwa maranda.

Warumi walilijua jambo hili pia. Plinius anasimulia kwamba meza ya Kaisari Tiberius ilivikwa ganda tu la mti huu, hali mtu aliyekuwa mtumwa wake akawekwa huru, Nomius, alikuwa na meza ya mti mtupu. Ameyaandika kama habari ya majivuno ya watu. Mimi, baada ya mlima ule, nilijikuta nikimwona Kaisari kuwa ndiye aliyefanya jambo la busara.

Je, basi vyano visikerezwe? Nililiuliza swali hilo kwa sauti, na nililimaanisha. Nina jibu langu, nalo ni la mtu anayependa kazi ya mikono: vikerezwe vichache, kwa nundu za visiki vilivyokufa, na bei iwe ya kumfanya mnunuzi afikiri. Leo katika mtaa wa Skala chano cha nundu kinauzwa kwa pesa ambayo mtalii huitoa bila kuhesabu, na anayekinunua anakipeleka nyumbani kuwekea funguo. Bei ile ndiyo inayong'oa nundu mbichi, maana fundi anayelipwa kidogo hana budi kukereza vingi. Sestersi za Cicero zilikuwa wazimu, lakini angalau zilikiri kwamba kitu kile hakirudi.

Maalem alitoa ile nundu iliyobaki kutoka kwenye gunia na kuiweka mezani, upande uliokatwa ukiwa juu. Nilimwomba anionyeshe angetoa nini humo kama ingekuwa hiari yake. Alichukua chaki. Nilidhani angechora duara moja kubwa, chano cha kifahari cha kutundikwa ukutani. Alichora matatu. La kati lilikuwa la ukubwa wa sahani ya mezani. La pili alilibana kwenye ubavu. La tatu, dogo, alilisukuma hadi ukingoni ambako mfuko wa gome uliingia ndani ya mti, akachora hivyo kwamba mfuko ule uangukie kwenye ukingo wa chano na ubaki wazi. Vipande vya pembe tatu vilivyobaki kati ya maduara alivitia alama nyingine: hivyo ni vya kupasuliwa maganda, ya vifuniko vya visanduku vya jirani yake. Kisha akaeleza ni lini kila kimoja kingekuwa tayari. Kwanza angevikereza kwa unene wa ziada na kuvirudisha kwenye maranda mpaka vimalize kupinda, ndipo avikereze tena kwa umbo la mwisho. Nundu hupinda kidogo kuliko mti wa kawaida, kwa sababu nyuzi zake husinyaa pande zote, lakini hupinda.

Niliagiza kile kidogo chenye gome. Nilimpa bei aliyoitaja, sikumwomba apunguze, na tukakubaliana kwamba mpwa wake atanitumia kwa posta kikiwa tayari, hata kama ni mwakani.